Bi Kinyume na Herufi S

Watu walimwita Bi Kinyume kwa sababu ya kazi yake, wala hapakuwa na dharau ndani ya jina hilo. Alikuwa mchonga mihuri. Muhuri hausomeki ukigongwa kwenye karatasi mpaka maandishi yake yawe yamechongwa yakitazama nyuma, na mwanamke huyu alikuwa ameyazoea maandishi ya nyuma kiasi kwamba yale ya kawaida ndiyo yaliyompa taabu. Akikutana barabarani na gari la wagonjwa, lile ambalo jina lake huandikwa kinyume puani ili madereva walio mbele walisome kwenye vioo vyao, alilisoma kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Mabango mengine yote ya mji aliyakunjia uso kwanza.

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa duka la vifaa vya ofisi. Humo mlikuwa na meza, taa yenye shingo ndefu, mabapa ya mpira mwekundu, na visu vitano vyembamba ambavyo hakumruhusu mtu kuvigusa hata kwa kuvifuta vumbi. Ukutani palikuwa na ubao uliopigwa msumari mrefu, na kila karatasi aliyoletewa na mteja aliichoma pale baada ya kazi. Mteja akirudi na malalamiko, karatasi iliteremshwa, wakaitazama wote wawili.

"Nachonga kilichoandikwa," alikuwa akisema. "Ulichotaka kuandika hakikufika hapa."

Shule aliiacha darasa la nne akaingia karakana ya baba yake. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Herufi alizijua kwa maumbile yao. Kwake A ilikuwa ngazi ya mpaka rangi, K mtu anayeupiga mlango teke, na S ndiyo iliyokuwa sumbufu kuliko zote, maana kisu hutakiwa kipinde huku kisha kipinde kule bila kunyanyuka. Na kwa miaka thelathini na mmoja tangu aanze kuchonga peke yake hakuwahi kukosea hata moja. Wenzake walijivunia nyumba, au watoto waliosoma wakawa madaktari. Yeye alijivunia hilo.

Nyumbani aliishi na mumewe, fundi wa lifti, mtu mpole ambaye ugomvi ukianza mezani hubeba sahani yake akamalizia chakula barazani. Na palikuwa na wifi yake, dada wa huyo mume, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Wanawake hawa wawili walikuwa wamekaa chini ya paa moja miaka kumi na tisa kwa adabu ya abiria waliopangiwa kiti kimoja. Waliamkiana asubuhi. Waliachiana bafu kwa zamu. Wifi alibandika vikaratasi kwenye makopo yote ya jikoni kwa mwandiko wake wa duara: sukari, chumvi, majani ya chai, na moja lililosema "si ya kila siku". Bi Kinyume alijua kwamba wifi anafundisha watoto wa mtaa pale sebuleni na kwamba hupiga meza kwa rula. Wifi alijua kwamba Bi Kinyume hutoka asubuhi na kurudi jioni na vidole vyekundu. Zaidi ya hapo kila mtu na lake.

Sasa, mji ule ulikuwa na Ofisi ya Leseni, na mtu hakuweza kukaanga, kushona, kunyoa, kufundisha wala kuziba pancha bila karatasi yao. Mwaka uliotangulia ofisi ilikuwa imeagiza muhuri mpya mkubwa, wa mviringo, wenye neno moja la Kiingereza katikati: LICENSE. Bi Kinyume aliuchonga kwa siku mbili. Ofisi ikaugonga kwa miezi kumi na mmoja kwenye karatasi ya kila mwenye shughuli, na hakuna aliyesema kitu. Wakafanya kazi zao, wakalala usingizi wao.

Asubuhi moja karani wa leseni akaingia karakana bila hodi. Alikuwa kijana mrefu mwenye tai fupi, na uso wake ulikuwa umempwaya.

"Bi Kinyume, umetuchongea kitendo," alisema.

"Nimewachongea muhuri."

"Ndio, muhuri wa kitendo. Sisi tulitaka kitu."

Bi Kinyume akaweka kisu chini. Karani akamweleza kama naye alivyoelezwa: kwamba neno lile la Kiingereza lina sura mbili. Likiandikwa kwa C karibu na mwisho, ni leseni yenyewe, kitu cha kushika mkononi. Likiandikwa kwa S, ni kutoa leseni, jambo la kufanya. Muhuri ulikuwa na S. Kwa hiyo hakuna mtu mjini aliyekuwa na leseni. Mwananchi mmoja msomi alikuwa ameandika barua ya kurasa nne kulalamika kwamba ameomba kitu akapewa kitendo, na Mkuu wa ofisi alikuwa hajala tangu juzi.

Bi Kinyume aliinuka. Alikwenda kwenye msumari, akazichomoa karatasi moja baada ya nyingine mpaka akaifikia ya ofisi, akaitandaza mezani. Neno liliandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mkono wa Mkuu mwenyewe, na S yake ilinona kama kupe.

Karani aliitazama sana. "Hii haihesabiki," alisema mwishowe. "Haina muhuri."

"Ingekuwaje na muhuri, na ndiyo iliyokuja kuagiza muhuri?"

"Hilo nimeliona. Nimelisema hata ofisini. Nikaambiwa nisilete ujuaji."

"Basi nitawachongea mwingine wenye C. Kesho kutwa uje."

Karani akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Hapo ndipo alipotoa lililomleta. Muhuri wa ofisi huchongwa na mchongaji mwenye leseni. Leseni ya Bi Kinyume ilikuwa imegongwa ule muhuri wa S, kwa hiyo hakuwa na leseni. Ili apewe leseni ya kweli, ilibidi igongwe muhuri wa C. Muhuri wa C haukuwapo, na wa kuuchonga ni yeye, ambaye haruhusiwi.

"Mchongeshe kwingine," alisema Bi Kinyume.

"Mwenzako wa sokoni naye ana S. Na akitoka mtu mji mwingine anahitaji kibali cha kuingiza kazi hapa. Kibali nacho kinagongwa."

Wote wawili wakautazama mpira mwekundu juu ya meza.

"Kwa nini Mkuu asiseme tu kwamba amekosea herufi?" aliuliza Bi Kinyume.

Karani alimtazama kama mtu aliyeombwa amvue Mkuu suruali sokoni. Kila mtu alijua kwamba yule bwana alipandishwa cheo kwa ajili ya Kiingereza chake, na kwamba hofu yake kuu duniani ilikuwa kuulizwa jambo la Kiingereza mbele za watu. Ilikuwa heri kwake mji mzima ukose leseni.

Mchana wa siku ile tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Lilisema kwamba wote waliopewa karatasi yenye herufi S wajue hawakupewa leseni bali walipewa kutoa leseni, na wasubiri maelekezo. Watu walilisoma, wakaliona halina kichwa wala miguu, wakarudi kazini. Isipokuwa kinyozi wa mtaa wa pili. Huyo alilisoma mara tatu.

"Karatasi yangu inasema toa leseni," aliwaambia wateja wake. "Na ni karatasi ya serikali. Nikikaa bila kumpa mtu, si ndio nitakuwa navunja sheria?"

Akachana ukurasa wa daftari akamwandikia fundi viatu ruhusa ya kushona viatu. Fundi viatu, ambaye naye alikuwa na S yake, akaona vibaya kukaa na deni la utii, akampa ruhusa fundi cherehani. Fundi cherehani akampa kinyozi. Duara likafungwa, na wale watatu wakajiona ndio watu pekee halali mjini. Jambo hilo likaenea. Kufikia mwisho wa juma watu walikuwa wanaruhusiana njiani. Mwuza magazeti, ambaye hakupenda kupitwa, aliwapa wateja wake wote ruhusa ya kuzeeka.

Bi Kinyume hakucheka. Alikaa karakana mikono mitupu, maana angechonga nini bila leseni, na kila aliyepita dirishani alichungulia. Hawakumtukana. Walimwonea huruma, na hilo ndilo lililomkata maini. Alimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Macho yanachoka jamani, umri nao." Siku ya nne akafunga mlango, akatia ile karatasi ya Mkuu kwenye mkoba, akaenda ofisini kwa miguu.

Ukiingia Ofisi ya Leseni, dawati la kwanza lilikuwa la ushauri. Juu yake palining'inia bango la Kiingereza, ADVISE, na chini ya bango alikaa bwana mmoja mnene, mnyamavu, ambaye kwa miaka minane hakuwahi kumshauri mtu. Alijaza mafumbo ya gazeti. Lakini tangu barua ile ifike, Mkuu alikuwa anazunguka akikagua kila neno ukutani, na alikuwa amegundua kwamba bango lile lilipaswa kuwa na C, ushauri. Kwa S ilikuwa "shauri!", yaani mwambie mtu la kufanya, na hiyo ni amri. Mchora mabango hangeweza kulirekebisha, maana leseni yake ilikuwa ya S. Basi Mkuu akakata shauri kwamba mpaka bango libadilishwe, aliye chini yake aitii amri hiyo, kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi.

"Karibu mama," alisema yule bwana Bi Kinyume alipofika. Sauti ilikuwa imemkauka. "Nakushauri ukae. Nakushauri usiegemee, kiti kimelegea. Nakushauri uwe unakunywa maji kabla hujasikia kiu. Una watoto?"

"Mabinti wawili, wameshaolewa."

"Nakushauri usiwapigie simu saa za kula. Nakushauri viatu hivyo uvivae na soksi." Akafuta jasho kwa leso. "Samahani mama. Mimi nimeishiwa tangu saa nne. Jana nilimshauri mtu mmoja afuge bata, hata simjui."

"Pole baba. Mimi ndiye niliyechonga muhuri."

Mshauri akaweka leso chini. Akainama kwenye saraka akatoa karatasi nne zilizobanwa pamoja. Wafanyakazi wote walikuwa wamepewa nakala ili wajifunze.

"Hili nalisema kwa moyo wangu, si kwa bango," alisema kwa sauti ya chini. "Nakushauri uende ukazungumze na aliyeandika hii."

Bi Kinyume akaipokea barua. Hakuelewa neno hata moja, ilikuwa ya Kiingereza kuanzia juu hadi chini. Lakini mwandiko ule wa duara, na ile k yenye mguu uliojisokota, alikuwa anautazama kila asubuhi akichota sukari.

Alirudi nyumbani bila kuhisi barabara chini ya miguu. Alimkuta wifi yake mezani jikoni akisahihisha madaftari ya watoto, rula kushoto, kalamu nyekundu kulia. Mumewe alikuwa upande wa pili na sahani yake. Bi Kinyume akaiweka barua juu ya madaftari.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu," alisema wifi. "Imekufikiaje?"

"Muhuri ule nimeuchonga mimi."

Mume akainuka na sahani yake. Waliusikia mlango wa baraza ukifungwa taratibu.

"Wewe unachonga mihuri?" aliuliza wifi.

"Miaka thelathini na mmoja."

Wifi alimtazama mikono. "Mimi nilidhani unapaka viatu rangi. Hivyo vidole."

"Miaka kumi na tisa ulidhani napaka viatu rangi?"

"Sikutaka kuuliza. Niliona labda utaona haya."

Bi Kinyume alikuwa amejiandaa njia nzima. Alikuwa na maneno makali ya kutosha mpaka kesho yake, ameyapanga vizuri, na yote yakamtoka kichwani. Alivuta kiti. Aliona kwamba mwenzake hakumdhamiria ubaya. Hakumdhamiria chochote, kwani hata hakumjua, na sijui lipi lilimuuma zaidi. Akajikuta anauliza:

"Na wewe unafundisha nini pale sebuleni?"

"Kiingereza."

"Kiingereza najua. Kitu gani ndani ya Kiingereza?"

Wifi alikaa kama mtu aliyeulizwa jina lake na mfalme. Katika maisha yake yote wazazi walimuuliza watoto watafaulu lini. Hilo hakuwahi kuulizwa. Akafunua daftari ukurasa mtupu akaanza, kwanza kwa sauti ya darasani, kisha kwa sauti ambayo Bi Kinyume hakuwa ameisikia.

Aliandika advice, kisha chini yake advise. La kwanza ushauri, la pili kushauri. Aliandika practice, zoezi, na practise, kufanya zoezi. Kinachoshikika kina C, kinachofanyika kina S. Hayo ya ushauri, alisema, sikio linakusaidia, kwa sababu moja linaishia kwa sauti ya s na jingine kwa sauti ya z. Lakini hili la leseni, licence na license, hutamkwa sawasawa bila tofauti hata ya unywele.

"Kwa hiyo wenyewe wakizungumza hawajui mtu amesema lipi?"

"Wanajua. Maneno ya jirani yanawaonyesha."

"Kama wanajua bila herufi, herufi ya nini?"

Wifi akaweka kalamu mezani. "Kuna walioliona hilo," alikiri. "Wamarekani huandika leseni kwa S tu, kitu na kitendo."

"Na magari yao yanakwenda?"

"Yanakwenda."

Bi Kinyume akatikisa kichwa. "Sisi ukisema kuimba ni kuimba, ukisema wimbo ni wimbo. Neno linavaa kofia mbele, unalijua tangu linapokuja. Wao wanabadilisha jino moja la nyuma kabisa, halafu wanataka mtu alione."

Wifi alicheka, akashangaa kwamba amecheka. Akamsukumia penseli amwonyeshe huo uchongaji. Bi Kinyume akachora S kubwa, akachora tena ikiwa kinyume, haraka, bila kusita, mpaka mwalimu akamshika mkono arudie. Basi akaeleza jinsi S inavyosumbua kisu. "Maana si herufi moja," alisema. "Tazama." Akaweka kidole gumba akaifunika nusu ya chini. "Hapa pana C. Halafu chini yake pana C nyingine imeipa mgongo, nazo zimeshikana."

Wifi aliinamia karatasi. "Kwa hiyo C imo ndani ya S."

"Imo yote. Ndogo, lakini imo."

Wakatazamana. Chai iliyokuwa juu ya jiko ikachemka ikafurika, na wala hapakuwa na aliyeinuka kuizima. Mume ndiye aliyeingia akazima jiko, akatoka tena.

Kesho yake walikwenda ofisini pamoja, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza wao kutembea pamoja kwenda mahali pasipo harusi wala msiba. Mshauri aliwashauri wapandie ngazi ya kushoto. Mkuu alipomwona yule mwalimu mlangoni kwake alisimama mwenyewe, akafunga kifungo cha koti, kisha akakifungua.

Wifi ndiye aliyesema. Alisema Kiswahili, kwa huruma. Alieleza kwamba hapahitajiki muhuri mpya. Uliopo utapunguzwa nusu ya herufi moja, na kitakachobaki kitakuwa C.

"Lakini kazi ya kuchonga lazima ifanywe na mwenye leseni," alisema Mkuu. Hakuwa anabisha, ila alikuwa ameshazunguka kwenye njia hiyo siku sita na anazijua kuta zake zote. "Mwenzako hana. Ana kitendo tu."

"Ndiyo maana," alisema wifi. "Akitengeneza muhuri anatengeneza kitu, na ruhusa ya kitu hana. Kupunguza hakutengenezi kitu. Ni kitendo. Na karatasi ya kitendo anayo, mmempa wenyewe."

Mkuu alikaa. Aliyapitisha maneno yale kichwani polepole, kama mtu anayejaribu funguo gizani, na uso wake ukaanza kurudi mahali pake. Akabonyeza kengele, muhuri ukaletwa juu ya sinia.

Bi Kinyume alitandaza kitambaa juu ya meza ya Mkuu, akachagua kisu chake chembamba kuliko vyote. Alikuwa hajawahi kukata kazi yake mwenyewe iliyokwisha kamilika. Alikumbuka siku alipoichonga S ile: asubuhi, mwanga mzuri, kisu kikipinda huku na kule bila kunyanyuka. Ilikuwa S nzuri kuliko zote alizopata kuchonga mwaka ule. Alipoinamisha kisu akahisi wifi yake amesogea akasimama kati yake na Mkuu, akimkinga asitazamwe. Akashusha pumzi, akakata. Dakika tisa. Kipande cha mpira kidogo kama punje ya mchele kikadondokea kitambaani.

Mkuu mwenyewe aliugonga wa kwanza, kwenye karatasi ya Bi Kinyume. Wakaiinamia wote. Neno lilikuwa limesimama imara, LICEN, kisha C ndogo ikaning'inia juu juu kama soksi kwenye kamba ya kuanikia, kisha E.

"Mbona imepaa?" aliuliza Mkuu.

"Sasa ni kitu," alisema wifi. "Ila chepesi."

Kwa siku tatu mji ulipanga foleni. Kila karatasi iligongwa upya, na wa pili baada ya Bi Kinyume alikuwa mchora mabango, ambaye hakufika hata mlangoni kabla ya kuvutwa mkono mpaka dawati la kwanza. C ilipokauka juu ya kichwa chake, yule mshauri aliteremka kwenye kiti, akamshika Bi Kinyume mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa bila kusema neno. Kinyozi hakupeleka karatasi yake. Alisema ameonja madaraka na hawezi kuyarudisha kwa ajili ya karatasi ya kuwekea fremu, na mpaka leo ukinyoa kwake anakuaga na ruhusa ya kitu chochote unachotaka.

Mkuu hakuomba radhi. Ila jioni moja alipita karakana, akasimama akisifu taa, akasifu meza, halafu akauliza kama ile karatasi ya zamani bado ipo.

"Ipo," alisema Bi Kinyume.

"Ningeweza kuichukua? Kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi."

"Karatasi za watu hazitoki hapa. Lakini imo katikati ya nyingine, na mimi si mtu wa kuonyesha."

Mkuu aliutazama ule msumari, akashukuru, akaenda zake. Muhuri mpya hakuagiza, labda kwa kuogopa kushika kalamu. C ile ndogo ikazoeleka, na watoto wa mji ule waliojifunza kusoma kwenye kuta za maduka waliiandika hivyo hivyo, imepaa, walimu wakawapigia mstari mwekundu.

Wifi alianza kuja karakana alasiri, baada ya watoto kuondoka. Mara ya kwanza alisema amepita tu. Mara ya tatu alikuja na mto wa kukalia. Alijipa kazi ya kusoma karatasi za wateja kabla hazijachongwa, na hapo ndipo walipoanza kugombana sawasawa, kama ndugu, kwa sababu wifi aliona haiwezekani neno baya lichongwe likijulikana, na Bi Kinyume aliona karatasi ya mtu ni ya mtu. Waligombana wakienda nyumbani, wakagombana wakikata vitunguu. Mume alihamishia kiti chake barazani moja kwa moja, naye alionekana mwenye furaha.

Siku moja akaingia mzee mmoja mtaratibu, amevaa shati lililopigwa pasi, akaomba muhuri mdogo wa mstari mmoja. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Juu yake palikuwa na neno moja: PROPHESY. Wifi alilidaka kabla Bi Kinyume hajanyoosha mkono.

"Hapa pana kosa, baba," alisema. "Hivi ulivyoandika ni kutabiri. Kama unataka utabiri wenyewe, ni C. Wewe ni mtu wa maombi? Unataka kitu au kitendo?"

Mzee alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza.

"Ni jina langu," alisema. "Ndilo nililopewa nilipozaliwa."

Wifi alibaki na karatasi hewani. Alisema polepole kwamba jina la mtu ni kitu, bila shaka, na kitu kina C. Mzee akajibu kwamba hilo amekuwa akiambiwa na kila mwalimu tangu utotoni, na kwamba baba yake, aliyeliandika, alikwisha fariki na hakuacha maelezo.

Bi Kinyume alimchukulia wifi yake ile karatasi mkononi, akaiweka chini ya taa, akavuta kipande cha mpira.

"Kesho saa nne, baba," alimwambia mzee. "Utaukuta tayari."

"Na S?" aliuliza mzee.

"Na S yako."

Mzee akashukuru, akatoka. Wifi alikaa kwenye mto wake, akitazama kisu kikiingia kwenye mpira. Kilipofika pale penye kona mbili alisogeza kiti karibu ili aone vizuri kinavyopinda.